Uchunguzi wa Mwezi wa Nne

Mji wetu wa Pruitt Fork una watu elfu mbili na mia moja, makanisa tisa na polisi watatu, na mimi, Connie Tackett, ndiye karani wake. Vibali vya kujenga mabanda, malalamiko juu ya mbwa wa jirani, maombi ya kuona nyaraka za umma, vyote vinapita mezani kwangu. Nina miaka ishirini na miwili kwenye kiti hiki na sijawahi kucheka kama nilivyochekeshwa na Verla Gootee, mjane wa miaka sabini na miwili ambaye hajavunja sheria yoyote maishani mwake isipokuwa moja. Hiyo moja aliivunja kila mwaka, mwezi wa nne, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na mfuko wa wavu wa vitunguu mkononi.

Nianze na uyoga, maana bila uyoga hakuna kesi. Huku kusini mwa jimbo la Indiana mtu akisema uyoga anamaanisha wa aina moja tu, ule wenye kichwa cha vishimovishimo kama sega la nyuki. Unaota wiki tatu kwa mwaka, kuanzia katikati ya mwezi wa nne, kisha unatoweka. Unautafuta chini ya miti iliyokufa, na ukishapapata mahali pake humwambii mtu. Humwambii hata mkeo, ikiwa mkeo ana dada. Watu wanaegesha magari maili nzima mbali na wanakokwenda ili kuwapoteza wanaowafuatilia. Nimemwona shemasi akimdanganya mchungaji kuhusu alikouchuma wake, na mchungaji akaitikia kwa kichwa bila kinyongo, kwa kuwa naye ana mahali pake.

Mahali pa Bi Verla nitawatajia, kwa sababu ninyi mko mbali na hamtakuja na mifuko. Ni nyuma ya nyumba ya Dwight Ketcham, kwenye bustani ya zamani ya matofaa ambayo nusu ya miti yake imekauka. Na Dwight Ketcham ndiye mkuu wetu wa polisi.

Aliyemwonyesha ni mama yake Dwight, Bi Opal, miaka arobaini iliyopita, walipokuwa majirani na mashoga wa kufa na kuzikana. Alimwapisha papo hapo, miguu yote miwili ikiwa katikati ya uyoga.

"Hata Dwight nisimwambie?" Verla aliuliza.

"Hasa Dwight. Mwanangu nampenda, lakini hana kifua."

Hakumwonea. Dwight ndiye aliyetangaza uchumba wa dada yake kwenye kipaza sauti cha uwanja wa mpira wa kikapu, kabla mchumba mwenyewe hajaongea na baba mkwe. Basi miaka yote ile Bi Verla akawa anapitia jikoni kwa Opal, wanachuma, wanachovya kwenye yai, wanavingirisha kwenye biskuti za chumvi zilizopondwa, wanakaanga kwa siagi na kumaliza kabla Dwight hajapita kumsalimia mama yake.

Miaka sita iliyopita nyonga ya Opal ikavunjika, akahamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Dwight akahamia kwenye nyumba ya mama yake. Hapo ndipo Bi Verla alipogeuka mhalifu. Pale kwa wazee Opal anakula kwa kubembelezwa, kijiko kimoja kimoja. Lakini zile wiki tatu za mwezi wa nne, Bi Verla akiingia na kikaango kilichofunikwa taulo, anakula mpaka anapangusa sahani kwa mkate. Bi Verla aliniambia baadaye kwamba angeweza kuacha uyoga kwa ajili yake mwenyewe, ila siyo kwa ajili ya hiyo sahani.

Alihitaji tu kujua Dwight hayupo nyumbani saa ngapi. Kwa hiyo kila mwaka, wiki ya kwanza ya mwezi wa nne, alikuja kwenye kaunta yangu amevaa koti lake la kanisani, akajaza fomu: "Naomba ratiba ya zamu za idara ya polisi, mwezi wa nne na wa tano." Sheria ya jimbo inaniamuru nitoe, nami nilitoa. Nilimdhania raia mwema anayefuatilia matumizi ya mafuta ya magari. Niliwahi kumsifu mbele ya meya.

Alikuwa na mbinu nyingine pia. Hakuwahi kuegesha karibu na kwa Dwight. Alivuka daraja la kijito cha Dry Fork na gari lake la kijani, akaliacha makaburini ng'ambo ya pili kama mtu aliyekwenda kumsalimia marehemu mumewe, kisha akarudi kwa miguu kandokando ya kijito hadi nyuma ya bustani. Wote waliowahi kumfuatilia waliishia kupekua kichaka cha makaburini wakatoka na upupu.

Halafu baraza la mji likanunua kamera.

Zilikuwa nne, za kusoma namba za magari, na moja ikafungwa darajani. Dwight alisimama mbele ya baraza akaeleza kwamba ni kwa ajili ya magari ya wizi na watu waliopotea, basi. Akasema pia kwamba kila polisi akitafuta namba ya gari kwenye mtambo lazima aandike sababu, na mtambo unaweka kumbukumbu ya nani katafuta nini, lini. Watu wakapiga makofi. Bi Verla hakupiga. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye mizani ya machimbo ya chokaa, akiandika kwa mkono namba ya kila lori na saa ya kila lori.

"Mimi ndiye nilikuwa kamera," aliniambia siku ile tukitoka. "Nilijua nani anachelewa kurudi na anapitia kwa nani. Nikafunga daftari, nikaenda nyumbani nikapika. Sikumfuata mtu."

Miaka miwili ikapita kimya. Kisha asubuhi moja mwezi wa tano, kwenye mgahawa wetu, Dwight akafanya kosa ambalo mtu wa huku peke yake ndiye angelifanya. Bi Verla alikuwa anakula mikate na mchuzi mweupe wa soseji, hana habari na mtu. Dwight akapita na kikombe chake cha kahawa, akamtania.

"Mwaka huu ulichelewa, Bi Verla. Mwaka jana tarehe ishirini na mbili ulikuwa umeshavuka daraja."

Bi Verla akaweka uma chini. Alivuka daraja lile saa kumi na mbili kasorobo, barabarani hata sungura hakuwepo.

Nusu saa baadaye alikuwa kwenye kaunta yangu, koti la kanisani limefungwa vifungo vya kupishana.

"Nipe fomu."

"Ya zamu? Mwezi wa tano huu, Bi Verla."

"Siyo ya zamu. Nataka orodha ya kila aliyetafuta namba ya gari langu kwenye zile kamera. Jina, siku, saa, na sababu aliyoandika."

Wakili wa mji, anayekuja kwetu siku za Alhamisi tu, alijaribu kuipiga chenga. Akajibu kwamba taarifa hizo ni za uchunguzi unaoendelea. Bi Verla akarudisha barua siku hiyohiyo kwa mwandiko wake wa mizani, tarakimu zimesimama kama askari: "Uchunguzi gani? Nipeni namba ya jalada." Jalada halikuwepo. Wakili akakohoa kwenye simu, akaniambia, "Mpe tu, Connie."

Niliichapa mwenyewe. Mitafuto thelathini na saba. Yote ya Mkuu D. Ketcham. Safu ya sababu imeandikwa neno moja kuanzia juu hadi chini: uchunguzi, uchunguzi, uchunguzi. Nikateremka kwenye safu ya tarehe. Tarehe kumi na nne mwezi wa nne. Kumi na sita. Kumi na saba, mara mbili. Hadi tarehe tano ya mwezi wa tano, kisha hakuna kitu kwa miezi kumi na moja, kisha tarehe kumi na tatu mwezi wa nne tena. Nikafunga mlango wa ofisi, nikajifunika uso na kalenda, nikacheka mpaka wanja ukafika kidevuni.

Lakini niseme na hili, maana liliniuma nikishapangusa uso. Mtu mwenye beji alikuwa anafuatilia mienendo ya mwanamke anayeishi peke yake, na hakuna aliyejua. Leo ni uyoga. Mjini kwetu kuna mwanamke aliyehama nyumba mara mbili kumkimbia mumewe, na mumewe ana rafiki polisi wilaya ya jirani. Nilimfikiria huyo, nikaipiga ile karatasi mhuri kwa nguvu.

Baraza linakutana Jumanne ya pili ya mwezi, kwenye ukumbi wa zimamoto. Kila raia anapewa dakika tatu. Bi Verla alisimama, akavaa miwani, akasema kwamba hana hotuba, atasoma tarehe tu.

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa nne, saa moja asubuhi. Tarehe kumi na sita, mwezi wa nne."

Alipofika tarehe kumi na saba, nikamwona mzee Lowell wa duka la mbegu akinyanyua kichwa taratibu. Ishirini, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Mtu nyuma akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mtu ukumbini alijua yeye mwenyewe alikuwa wapi siku hizo, na kwa nini hajawahi kumwambia aliyeketi pembeni yake.

"Na sababu iliyoandikwa," akasema Bi Verla, "ni uchunguzi."

Ukumbi ukapasuka. Shemasi alishika tumbo. Mwenyekiti aligonga nyundo, naye mabega yanamtikisika, akamgeukia Dwight aliyekuwa mwekundu hadi masikioni.

"Mkuu, huu ulikuwa uchunguzi wa nini?"

Dwight akasimama. Nitampa haki yake: hakudanganya.

"Nilikuwa namtafutia mama yangu uyoga," akasema. "Kila nikienda kumwona ananiambia uyoga wa Verla, uyoga wa Verla. Na ananiambia mimi siwezi kuuona hata ukiota nyuma ya nyumba yangu."

Bi Verla akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Ndipo nilipojua. Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake, na nilikumbuka fomu sita za ratiba ya zamu kwenye kabati langu, zote za mwezi wa nne. Nikauma kalamu.

"Ungeniomba," akamwambia Dwight. "Ungenigongea mlango."

"Ungenionyesha?"

"Hapana. Lakini ungekuwa umeniomba."

Baraza likapiga kura bila mabishano. Hakuna kutafuta namba ya gari bila namba ya jalada. Orodha ya mitafuto kubandikwa mlangoni kwa karani kila mwezi. Picha kufutwa baada ya wiki tatu. Na Mkuu Ketcham akanyang'anywa nywila ya mtambo kwa mwaka mmoja, akitaka kitu amwombe msaidizi wake, ambaye ni mpwa wa Bi Verla. Watu walitoka wakipigana mabegani kwa furaha. Mimi nilitoka na wasiwasi, kwa sababu niliijua sheria kuliko wote waliokuwemo mle.

Ombi la kuona nyaraka za umma nalo ni waraka wa umma.

Dwight alichukua miezi mitano kulifikia hilo. Mwezi wa kumi na moja alikuja kwenye kaunta bila sare, kama raia, akajaza fomu: "Naomba nakala za maombi yote yaliyowahi kuletwa na Verla Gootee." Nadhani alitaka tu kujua ana mengine gani dhidi yake. Niliisoma mara tatu nikitafuta pa kuponea. Hapakuwepo.

Alizisoma wima palepale kaunta. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ratiba ya zamu, mwezi wa nne. Ratiba ya zamu, mwezi wa nne. Nilikuwa najifanya napanga vibanio vya karatasi kwa ukubwa. Alipofika ya sita, kidole chake kikasimama kwenye mwaka. Ulikuwa mwaka aliohamia kwa mama yake.

"Connie," akasema polepole. "Huyu mama alikuwa anataka kujua mimi siko nyumbani saa ngapi."

"Mimi natoa karatasi, Dwight. Sielezi karatasi."

Akakunja nakala zake mara mbili, akatia mfukoni, akatoka bila kuaga.

Kesho yake Bi Verla akaja, kwa kuwa mji huu hauna siri isipokuwa za uyoga. Akaomba nakala ya ombi la Dwight. Nikampa. Akasoma, akakaa kwenye kile kiti cha wanaosubiri vibali, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee.

"Atafunga lango," akasema. "Au ataniburuza kortini kwa kuingia shamba la mtu. Korti siiogopi. Opal atakula nini?"

Majira yote ya baridi alipika supu, akapeleka, akarudi nayo nusu. Opal alipouliza kama mwaka huu kuna dalili ya mvua, Bi Verla alibadilisha mazungumzo. Dwight alipokutana naye dukani alisema "Bi Verla," naye akasema "Dwight," kila mmoja akasukuma kigari chake.

Mwezi wa nne ukaingia na mvua ya vuguvugu, ile yenyewe. Bi Verla hakuja kuomba ratiba. Tarehe nane nikampigia simu mwenyewe.

"Njoo uchukue bahasha yako."

"Sijaomba kitu."

"Najua. Imeletwa tu."

Akaifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na ratiba ya zamu, mwezi wa nne na wa tano, imeandikwa kwa mkono wa Dwight. Kila asubuhi kwa wiki tatu mkuu wa polisi yupo kazini kuanzia saa kumi na moja na nusu. Kila asubuhi, hata siku zake za mapumziko. Isipokuwa Jumapili moja, tarehe ishirini, ambayo ameizungushia wino na kuandika pembeni: "Leo nipo nyumbani. Nimeishi na bustani hii miaka sita, sijawahi kuona hata mmoja. Tafadhali nionyeshe."

Bi Verla alilia pale kaunta, kisha akakasirika kwamba amelia, kisha akaniomba nimpeleke kwa Opal, kwa sababu kiapo kilikuwa cha Opal na siyo chake kukivunja.

Opal alisikiliza hadithi yote, kamera, tarehe, ukumbi wa zimamoto, fomu. Aliomba kipande cha tarehe kisomwe mara mbili. Ana miaka tisini na mitatu na alicheka hadi muuguzi akaja kuchungulia.

"Nilifikiri nitakufa kabla hajajua," akasema. "Inaonekana nitaishi."

"Basi nimwambieje, Opal?"

"Kaomba?"

"Kaomba. Na tafadhali kaandika."

Opal akajiinua juu ya mto. "Mwonyeshe," akasema. "Lakini nami nipelekwe. Siwezi kukosa hii."

Kwa hiyo Jumapili ya tarehe ishirini, kabla ya ibada, tulikuwa wanne nyuma ya nyumba ya akina Ketcham. Mimi niliitwa kama shahidi, karani ni karani. Opal alikuwa ndani ya gari, amefunikwa blanketi mbili, pua imegusa kioo. Dwight alikuwa amevaa suruali yake ya kanisani na amebeba kikapu kikubwa ambacho Bi Verla alikitazama kwa dharau.

Akamwongoza katikati ya mitofaa iliyokauka, ubavuni mwa kijito, akamsimamisha.

"Haya. Tafuta."

Dwight akatazama. Akatazama kushoto, kulia, akainama, akainuka. Majani ya mwaka jana, vijiti, magome. Mimi pia sikuona kitu, na nilianza kumhurumia mwanamume yule mwenye mabega mapana aliyegeukageuka kama aliyepotelewa na funguo.

"Pengine mwaka huu haujaota," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwambie tu mama kwamba nilijaribu."

"Dwight," Bi Verla akasema kwa upole ambao sijamsikia akimpa mtu mwingine. "Usisogeze mguu."

Akatazama chini. Mmoja ulikuwa umesimama kando ya kiatu chake, umeegemea ngozi. Akauona. Kisha akauona uliokuwa nyuma ya huo, na macho yalipozoea akauona wote, dazeni kwa dazeni, umemzunguka pande zote hadi ukingo wa kijito. Akakaa chini na suruali yake ya kanisani kwenye majani mabichi, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, na akawa anacheka kwa sauti kubwa isiyo na breki.

Kioo cha gari kikateremka.

"Verla," mama yake akaita, "mzibe mdomo huyo. Barabarani watasikia."